Shofere wa Vitesi ya Pili

Watu wa Kasenga, mtaa wetu wa Uvira, walimwita Shofere, na mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi sikumwita vinginevyo. Madereva wengine walikuwepo Uvira, lakini ukisema Shofere hakuna aliyekuuliza yupi. Alikuwa yule wa kamyo ya kijani iliyobeba pamba kutoka Runingu na vijiji vingine vya uwandani, akiileta mjini taratibu kiasi kwamba abiria aliyeruka chini kununua nyanya aliweza kuifuata kwa miguu na kuidandia tena bila kuhema.

Kilichotushangaza ni kwamba mambo mengine yote aliyafanya mbio. Bugali alikula ungali wa moto, akamaliza kabla bibi yake, mkewe, hajaketi vizuri. Ndevu alinyoa kama anayekimbizwa, akatoka nje na kidevu kina damu. Kanisani alijibu sala kabla padri hajamaliza kuianza, mpaka watoto wa benchi la mbele wakawa wanageuka kumwangalia na kucheka. Akizungumza, Kiswahili na Kifuliiru vilimtoka vimeshikana, nawe ulilazimika kumwambia arudie. Bibi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliniambia siku moja tukichambua sombe, majani ya muhogo:

"Huyu bwana, haraka yote anaimaliza humu mu nyumba. Akipanda kamyo, haiko tena na kitu."

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana. Alivaa kofia ya kitambaa ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeijua. Hakunywa pombe ya kasiksi, lakini si kwa ajili ya wema: alisema tumbo lake halikuipenda. Alikuwa mgomvi. Aligombana na wenye baiskeli, na wachunga mbuzi, na mwalimu wa kwaya aliyefundisha watoto kuimba wakitembea katikati ya barabara. Alipenda kushinda mabishano, na akishinda alirudia maneno yake ya ushindi mara nyingi mpaka ukatamani angeshindwa.

Mimi nilikuwa mkunga msaidizi kwenye dispanseri ya masista. Kwa kazi hiyo nilipanda kamyo yake mara nyingi, na mara moja nilimkasirikia kabisa. Tulikuwa tumemchukua mwanamke mwenye uchungu huko Runingu, mtoto amekaa vibaya, nami nilitaka tumfikishe mjini haraka. Mume wake alikuwa nyuma pamoja nasi, juu ya magunia ya pamba, akipiga kibati cha kabini kwa ngumi.

"Kimbiza! Kimbiza, weye Shofere! Bibi yangu anakufa!"

Kamyo ikaendelea na mwendo wake. Tulipofika kijiji kimoja karibu na mto, ikazidi kupunguza. Nilichungulia mbele. Wanafunzi walikuwa wanatoka shule, wametapakaa barabarani na vibao vyao vya kuandikia. Akapita katikati yao kwa mwendo wa maandamano ya kanisa. Mtoto akazaliwa hapo hapo, juu ya pamba, akiwa ametanguliza makalio, na ni Mungu tu aliyeiongoza mikono yangu. Mama yake alimwita Pamba. Baba yake alikufa bila kumsalimu Shofere tena.

Nami nilishuka nikamtolea maneno makali. Alinisikiliza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akasema:

"Dada, ndani mulikuwa muntu mumoja anataka kuzaliwa. Mbele yangu kulikuwa wale bamekwisha kuzaliwa. Ungefanya nini weye?"

Nilirudi kwa mama na mtoto wake. Mpaka leo sina jibu, na sipendi watu wanaosimulia kisa kile kana kwamba jibu linajulikana.

Kuhusu sababu ya uendeshaji wake, watu walitunga mengi. Walisema aliwahi kuua mtoto huko Fizi akatoroka. Walisema mama yake aligongwa. Siku moja nilimuuliza waziwazi, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Nimeua bata mumoja na mbuzi mumoja. Mbuzi tulimukula pamoja na mwenyewe. Kwa nini muntu hawezi kuwa na akili bila kuwa na damu?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa mtu aliyetazama barabara akaona walioko juu yake, hakuna zaidi. Wengine tulihitaji kuonyeshwa.

Wakati wa Wabelgiji, mahali barabara inapoingia Kasenga palikuwa na plake nyeupe ya bati yenye namba ishirini. Maana yake, gari lisizidi mwendo huo mpaka lipite kota, yaani mtaa wetu. Lakini plake ile ilikuwa na macho ya kuchagua. Gari la mzungu lilipita likiacha vumbi, na polisi akapiga saluti. Dereva mweusi akizidi kidogo tu, alishushwa na kulazwa chini pale pale penye plake, akachapwa fimbo. Shofere mwenyewe, mtu ambaye kobe angempita, alichapwa hapo. Kosa lake lilikuwa kutovua kofia mbele ya ofisa. Ofisa akasema basi na mwendo nao ulizidi.

Kwa hiyo siku za uhuru, vijana walipokuja na ngazi na nyundo kuiangusha plake, Shofere ndiye aliyewashikia ngazi. Nilimwona. Alikuwa anacheka na kuimba, na bati lilipoanguka alilikanyaga kwa miguu miwili. Mtu mmoja alilichukua akaezekea banda la kuku.

Mfanyabiashara wa kigeni aliyekuwa mwenye kamyo alikimbia wiki hizo hizo, akamwachia Shofere funguo. Akawa tajiri kwa namna yake, maana kamyo ikawa yake. Na mji mzima ukawa barabarani. Magari ambayo wenyewe walikuwa wameondoka yalishikwa na vijana ambao siku ya Jumapili walijifunza kuwasha na siku ya Jumatatu walikuwa madereva. Walipita Kasenga wakipiga honi mfululizo, majani ya migomba yamefungwa mbele, watu wamejaa mpaka kwenye milango. Kwao uhuru ulikuwa na sauti, na ile sauti ilikuwa ya injini inayolia kwa nguvu zake zote.

Palikuwa na mwanamke aliyeuza mikeke, wale samaki wa ziwani, kandokando ya barabara, Mama Furaha. Yeye na Shofere walikuwa na mchezo wao wa kutukanana. Kamyo ikikaribia, Mama Furaha alisimama, mikono kiunoni:

"Shofere! Weye uko unaendesha ao uko unasukuma?"

"Niko naendesha, mama. Na weye uko unauza samaki ao uko unauza matusi?"

"Matusi iko bure! Samaki njo unalipa!"

Watu walingojea saa ile ya kamyo kupita kwa ajili ya mchezo huo. Kisha, katika zile siku za shangwe, Mama Furaha alikuwa anavuka na beseni lake kichwani. Gari lililojaa waimbaji lilitoka upande wa bandari ya Kalundu. Wanaopita mbio huwa wanaona kitu kimoja tu, kile kilicho mbali mbele yao. Hawakumwona. Walipomwona, gari lilikuwa limekwisha kupita juu yake, likasimama mbali sana, karibu na kanisa.

Shofere alikuwa kwake, anakula, akasikia makelele akatoka. Alimbeba Mama Furaha mikononi mwake mpaka dispanseri, akikimbia, na kamyo yake ikabaki uani. Alipofika kwangu shati lake lote lilikuwa limelowa. Mama Furaha alikufa kwenye benchi kabla sista hajafungua kabati. Tulipomfunika, Shofere alikuwa bado anahema. Alisema maneno ambayo kwa mara ya kwanza niliyaelewa bila kumwomba arudie:

"Alikuwa anavuka tu. Dada, alikuwa anavuka tu."

Kwenye kilio, mbele ya watu wote, alisimama akasema kwamba plake ile alisaidia kuiangusha yeye. Wengine walimnyamazisha: plake ilikuwa ya wazungu, fimbo ilikuwa ya wazungu, aache. Akajibu kwamba fimbo ilikuwa ya wazungu kweli, lakini barabara ni ya nani? Aliketi. Toka siku hiyo hakutupa raha.

Alipita nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa mkubwa wa kota, kwa padri, kwa mchungaji, kwa wauza ndagala, yaani dagaa. Alisimama sokoni akisema haraka haraka mpaka mate yakamrukia anayemsikiliza. Mwisho mkubwa wa kota, labda kwa kuchoka, aliita mkutano katika ukumbi wa shule. Madereva walikuja wote, wakajipanga upande mmoja wamekunja mikono. Miongoni mwao alikuwepo Byamungu, aliyefundishwa kazi na Shofere mwenyewe, sasa mtu mzima mwenye bibi na watoto, akiendesha pikapu ya samaki. Ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake.

"Muzee, tunakuheshimu. Lakini siye tulikatazwa miaka yote. Endepanda, huu uhuru wetu, iko muntu kuenda vile anataka."

"Na yule anavuka," Shofere akasema, "endepanda yake iko wapi?"

Kisha dereva mwingine akauliza jambo la maana: ishirini ni ngapi? Katika magari mengi kile kisaa cha mwendo kilikuwa kimekufa siku nyingi. Hapo Shofere akapata neno lake. Akasema waache namba. Kila gari lina vitesi, yaani gia, hata lile bovu kabisa. Toka kalvati la juu mpaka kanisani, kila mtu apite na vitesi ya pili. Hata asiyesoma anaijua kwa mkono wake, na hata kipofu aliye kando ya barabara atasikia kama anadanganywa.

Walibishana sana, lakini walikubali. Fundi wa mbao aliandika plake mpya kwa rangi nyeusi: VITESI YA PILI. Hapakuwa na polisi wala adhabu. Aliyevunja alizomewa na wauza samaki, na wauza samaki wa Uvira wakikuzomea unaweza kulala na aibu hiyo siku kadhaa.

Sitasema mengi juu ya faida yake, nitasema nilichokiona kazini. Zamani nilijua sauti ya kilio kinachotoka barabarani, tofauti na kilio cha ugonjwa. Nilipokisikia nilianza kuchemsha maji bila kuambiwa. Baada ya mkutano ule kilio hicho kikawa nadra, na waliogongwa walianza kuja kwetu kwa miguu yao, goti limechubuka au mkono umeteguka. Mzee mmoja aligongwa na pikapu saa ya mchana, sote tukitazama. Alianguka, kofia ikaruka huku, fimbo kule. Tulishika vichwa. Mzee akaketi, akatafuta kofia, akaivaa, kisha akaanza kumtukana dereva, ukoo wake, na aliyemuuzia gari. Alitukana mpaka tukaona sasa dereva ndiye wa kuhurumiwa. Gari lile lile kwa mwendo wa zamani lingetuachia maiti. Madereva nao waligundua kitu walichokificha kwa muda: kwamba walifika Kalundu karibu saa ile ile. Kota ni fupi. Ulichokuwa unaokoa kwa kuikimbia kilikuwa muda wa kuwasha sigara.

Shofere alivimba kichwa, sitakataa. Alitembea Kasenga kama aliyeijenga. Bibi yake alilalamika kwamba hata kitandani anazungumzia barabara.

Kisha ukaja uasi. Vijana walishuka kutoka milimani na uwandani, wakashika mji, na askari wa serikali wakakimbia. Wengi tuliwajua, walikuwa watoto wa watu. Walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi isiwaingie, nao waliendesha magari waliyoteka kana kwamba dawa ile iliwakinga na barabara pia. Plake ya mbao ilibaki imesimama na hakuna aliyeisoma. Katika wiki za mwanzo nilichemsha maji mara nyingi.

Walimchukua Shofere na kamyo yake kubeba wapiganaji kwenda Makobola. Komanda aliyekaa naye kabini alikuwa kijana mwembamba, zamani mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya upole iliyotutisha kuliko makelele ya wenzake. Shofere alinisimulia safari ile kutoka ng'ambo ya ukuta wetu. Barabara ya kusini inabanwa, mlima upande mmoja na ziwa upande mwingine, na vijiji vimekaa juu yake kabisa, mlango unafungukia njiani.

"Uko na woga?" komanda alimuuliza walipoanza kutambaa kwenye nyumba za kwanza.

"Njo," akajibu, yaani ndiyo, "niko na woga."

"Ya risasi?"

"Ya ule mutoto pale, na kile kikapu."

Komanda akatazama. Kweli mtoto alikuwepo, anavuka na kikapu. Walipofika Makobola akamwambia: "Nilikuwa nafundisha batoto kama ule. Unataka nini, muzee?" Shofere akamweleza habari za Kasenga, mkutano, na vitesi ya pili.

Kesho yake amri ikatangazwa kwa kipaza sauti. Kila gari, hata la wapiganaji, lipite Kasenga na vitesi ya pili. Shofere alikuja ukutani anaruka kama mtoto.

"Dada, tumeshinda! Hata hawa bamesikia!"

Magari yakapunguza kweli, toka siku ile ile. Kilio cha barabarani kikanyamaza tena, nami nilimshukuru komanda yule moyoni, ingawa nilimwogopa. Sehemu ya pili ya amri hatukuisikia vizuri, au hatukutaka kuisikia. Tuliisikia Byamungu alipokamatwa.

Hakuwa na sababu nzuri, alikuwa na haraka tu. Pikapu yake ilipita imejaa samaki, walinzi wakaisimamisha. Walimlaza kifudifudi chini ya plake, saa ya soko, wakatuita sote tutazame. Fimbo ilikuwa ya ngozi, kama ile ya zamani. Labda ilikuwa ile ile, maana vitu vya ofisi havikuwa vimepotea vyote. Pigo la kwanza lilipotua nilimsikia Shofere anapiga kelele, "Acheni! Acheni, hapana vile!" Alijisukuma katikati ya watu, mlinzi akampiga na kitako cha bunduki kifuani akakaa chini. Wakaendelea. Sikuhesabu.

Nilimfunga Byamungu vidonda. Mgongo wote ulikuwa umepasuka. Alilala akiangalia ukuta, akasema neno moja tu mchana mzima:

"Umwambie Shofere plake yake inauma."

Nilifikiri nisimwambie. Nilimwambia. Alikuwa ameketi uani anajikanda kifua, akasikiliza bila kuinua kichwa. Bibi yake alimletea chakula, hakukigusa. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule akiwa hana haraka na kitu chochote.

Asubuhi, barabara imejaa watu, alibeba ngazi akaenda. Alipanda. Akang'oa misumari mmoja mmoja kwa nyundo, bila kujificha, walinzi wakimtazama kwa mshangao kwa kuwa kila mtu alijua plake ni yake. Aliishusha akailaza chini, akasimama kando yake. Wakamkamata.

Komanda alikuja mwenyewe. Tulikuwa tumekusanyika, wauza samaki mbele, na bibi wa Shofere amenishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia.

"Weye ulikuya kuniomba sheria," komanda akasema kwa ile sauti yake ya darasani. "Nimekupa. Sasa unaivunja?"

"Nilikuomba uwaambie bapite polepole. Sikukuomba ngozi ya muntu."

"Bila fimbo hawatasikia."

"Mbele ya weye kufika walisikia. Uliza hawa bamama."

Mwanamke mmoja katika wauza samaki akasema, "Iko kweli." Mwingine akarudia. Mlinzi akainua bunduki, wakanyamaza, ila hawakuondoka.

"Sasa unataka watu wagongwe tena?" komanda akauliza. Nilivyomwona, aliuliza kweli, kama mtu asiyejua.

Shofere aliitazama plake pale chini. Kisha akasema, "Hapana. Lakini nilichapwa hapa na Mubelgiji. Nikiacha Byamungu achapwe hapa ju ya maneno yangu, basi ule Mubelgiji alinishinda."

Tulingojea. Upepo wa ziwani ulikuwa unavuma kutoka nyuma yetu. Kuua mtu siku zile lilikuwa jambo la kidole kimoja, na walikuwa wameua kwa makosa madogo zaidi. Komanda alinyoosha mkono.

"Lete funguo za kamyo. Kama uko unawapenda watembea kwa miguu, utembee nao."

Ndivyo alivyopoteza kamyo yake. Iliondoka mchana ule kuelekea uwandani, na kijana aliyeiendesha alikuwa anaipigisha kelele kwenye kila gia. Shofere aliitazama mpaka ikapotea. Kisha akaenda nyumbani, akachukua kigoda, akarudi, akaketi pale pale ilipokuwa plake.

Aliketi hapo siku zote zilizobaki za uasi. Gari likija mbio halikuona tena ubao, liliona mzee aliyeketi kwenye ukingo wa barabara, magoti yake karibu kabisa na magurudumu. Wengi walipunguza. Nilisikia kutoka nyumbani kwangu namna injini inavyolia ikirudishwa kwenye vitesi ya pili, sauti nzito kama ya mtu anayekohoa, nikajua bado yupo. Jeep moja haikupunguza mpaka dakika ya mwisho, ikasimama imegeuka upande na vumbi likamfunika. Dereva akamtukana. Vumbi lilipotulia tulimwona ameketi vile vile, anafuta macho. Kesho yake wauza samaki walihamisha vigoda vyao wakaketi naye, kushoto na kulia. Amri ya komanda ilikuwa imesahauliwa na walinzi wamepelekwa kupigana, lakini magari yalipita polepole.

Kwa Byamungu alikwenda kila siku na bakuli la mchuzi, na kila siku Byamungu aliangalia ukuta. Shofere hakumwomba msamaha kwa maneno, nami nilimlaumu kwa hilo. Alikuwa hodari wa maneno yote isipokuwa hayo. Mgongo ulipopona, Byamungu alihamia Makobola kwa ndugu wa bibi yake bila kumuaga.

Jeshi liliporudi tulikimbilia milimani, tukarudi tukiwa pungufu. Kamyo ya kijani haikuonekana tena. Mtu alisema ameiona imeungua, uwandani. Nilimuuliza Shofere kama ataenda kuitazama.

"Nione nini? Ile iko chuma tu," akajibu, akaingia ndani, na bibi yake akaniambia alilia.

Mimi niliondoka Uvira baada ya hapo, nikamfuata mume wangu kazini Bukavu. Miaka ikapita, mingi. Nilirudi kwa ajili ya ndoa ya mtoto wa dada yangu, nikaenda kumsalimu jirani wangu wa zamani. Bibi yake alikuwa amekufa. Yeye alikuwa ameketi mlangoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yake meupe kabisa, hayaoni tena. Alinitambua kwa sauti.

"Dada! Unazeeka, nasikia mu magoti yako!"

Bado alizungumza mbio. Tukiwa tunaulizana habari, pikapu ikasimama nje. Aliyeshuka alikuwa Byamungu, ana mvi. Walipatanaje, hakuna aliyeniambia na sikuuliza. Alimshika mzee mkono kama anayefanya jambo la kila wiki, akanieleza kwamba Jumapili baada ya misa humpeleka kupunga upepo upande wa Makobola. Wakanikaribisha, nikaketi nyuma pamoja na wajukuu wa Byamungu.

Tulipita kota kwa mwendo wa kutembea. Tukapita Kalundu. Mbele, barabara ilinyooka kando ya ziwa, haina nyumba, haina mtu, jiwe na maji tu. Nikamsikia mzee anasema kitu. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Ongeza," alikuwa anamwambia Byamungu. "Hapa hakuna muntu, njo? Basi ongeza. Ongeza tena!"

Byamungu akakanyaga. Pikapu ikaruka, wajukuu wakapiga mayowe ya furaha, nami nikashika kibati kwa mikono miwili. Shofere alikuwa ametoa kichwa dirishani, kofia ameikumbatia kifuani, mdomo wazi, anacheka kwa nguvu kama mtu aliyengoja kitu hicho maisha yake yote. Sikuwahi kujua. Miaka yote ile ya ukuta mmoja, sikuwahi kujua kwamba alipenda mbio za gari.

Kisha nikaona kwa mbali moshi wa jikoni na wavu ulioanikwa. Hakuna aliyesema kitu. Byamungu akashusha mkono wake kwenye gia, injini ikalia ile sauti yake nzito, upepo ukatulia. Mzee akarudisha kichwa ndani, akavaa kofia, akaiweka sawa.

"Tumefika kwa bantu?" akauliza.

"Njo, baba," Byamungu akamjibu. "Tumefika."